Jamaa ananipiga na kukimbia kila siku, namkomeshaje? (Heroes III)

Mzee wa Behemoth

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na kilio.

Nacheza Heroes of Might and Magic III, mchezo wa vita wa zamu kwa zamu, na rafiki yangu, tunapokezana kwenye kompyuta moja, toleo la Shadow of Death. Mimi nimechukua mji wa Stronghold, yeye wa Dungeon. Hadi mwezi wa pili wa mchezo nilikuwa namzidi kila kitu: migodi, miji, idadi ya askari. Shujaa wangu mkubwa alikuwa na Ancient Behemoth 11, Cyclops King wa kutosha, Thunderbird, Wolf Raider na Orc Chieftain. Nikasema sasa basi, nikaanza safari ya kwenda kummaliza nyumbani kwake.

Siku ya kwanza njiani akanitokea shujaa wake mchawi. Jeshi lake lote ni Scorpicore mmoja. Mmoja tu! Nikacheka kwa sauti. Pambano likafunguka, Scorpicore akapata zamu, jamaa akashusha uchawi wa Implosion kwa Behemoth wangu, watatu chini, kisha akabonyeza kukimbia. Pambano limekwisha, mimi nimeshinda. Kesho yake shujaa yuleyule kanunuliwa tena taverni, ana Scorpicore mwingine, kaja, watatu chini, katoweka. Keshokutwa hivyo hivyo. Nilipoziona kuta za mji wake nilikuwa na Behemoth wawili.

Nimeshinda mapambano matatu mfululizo na jeshi sina. Huu mchezo wake una dawa au ndio niukubali tu?

Ngao Mbili

Pole sana mkuu. Dawa ndogo: wagawe Behemoth. Implosion inapiga kundi moja tu. Wakiwa wawili wawili kwenye nafasi nne, kila akija anaua wawili, hawezi kuua watatu. Na ukipata Resurrection unawafufua, mchezo unaendelea.

Mgeni Mgeni

Samahani wakuu, mimi bado mchanga. Mnaongelea Harpy? Maana nao wanaruka, wanapiga, wanarudi walikotoka. Harpy Hag ndio kabisa, hata hawarudishiwi pigo. Mimi huwa nawamaliza kwa wapiga mishale, au nabonyeza kusubiri hadi waje wao.

Mzee wa Behemoth

Mgeni, hapana, hao wa kwako ni wa ndani ya pambano na dawa yao umeitaja mwenyewe. Mimi huyu anakimbia pambano zima. Shujaa anaondoka na kitabu chake na vifaa vyake vyote, anachoacha nyuma ni yule mnyama mmoja.

Ngao, nimekuelewa, lakini nikiweka Behemoth nafasi nne nabaki na nafasi tatu tu za wengine wote. Cyclops nimpeleke wapi?

Bi Kitabu

Na hiyo Resurrection isahau. Kwanza ni uchawi wa kiwango cha 4, na Mage Guild (jengo la uchawi) ya Stronghold inaishia cha 3. Pili, hata ungekuwa nayo ungeirusha saa ngapi? Jamaa akikimbia pambano linafungwa papo hapo. Hupewi zamu ya kufufua mtu. Ndiyo maana mbinu hii inauma kuliko kushindwa vitani: mkipigana hadi mwisho, mwenye uchawi wa kufufua anaokoa nusu ya hasara kabla ya adui wa mwisho kuanguka. Hapa huachiwi nafasi hiyo.

Hesabu Kwanza

Ngojeni niweke namba mezani, maana watu wanaongea kwa hasira.

Shujaa wake ana Power (nguvu ya uchawi) ngapi? Nikikisia 10, na ana ujuzi wa Earth Magic wa kiwango cha juu (Expert), Implosion yake ni 75 mara 10, jumlisha 300, sawa na 1050. Ancient Behemoth ana uhai 300. Watatu wanakufa, wa nne anabaki na jeraha ambalo halina maana pambano likiisha. Inalingana na ulivyosimulia.

Gharama yake kwa safari moja: shujaa taverni 2500, Scorpicore 1050. Jumla dhahabu 3550. Hasara yako: Ancient Behemoth mmoja ni dhahabu 3000 na kristali 1, kwa hiyo watatu ni 9000 na kristali 3. Na dhahabu siyo tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mji wako hata ukiwa na ngome kamili unatoa Behemoth wawili kwa wiki. Kila pigo lake moja linakula wiki yako nzima na nusu nyingine.

Ila na yeye ana kikomo, na hapa ndipo pa kumshika. Jengo la Capitol linamwingizia 4000 kwa siku. Akikutembelea kila siku anabakiwa na 450. Hajengi, hanunui jeshi, hafanyi chochote kingine. Akiwa na mgodi wa dhahabu ni 1000 zaidi, huo ndio unaomlisha. Tena Scorpicore wenyewe mji mmoja wenye ngome kamili unamtolea wanne kwa wiki. Wakiisha hana wa kumbeba.

Mtoto wa Taverni

Mimi ndiye huyo mnayemlalamikia (siyo rafiki yake, ila ndivyo ninavyocheza). Mnaita uhuni, mimi naita kutumia nilichonacho. Mtu ana Behemoth 11, mimi nina mchawi na vijisenti. Mlitaka nisimame nipigwe? Mchezo wenyewe umeweka kitufe cha kukimbia tangu 1999. Kingekuwa kosa kisingekuwepo.

Halafu Hesabu, hiyo 450 haimsumbui. Kama anazuia jeshi lote la adui kwa shujaa mmoja, mashujaa wengine wanazunguka nyuma wanakusanya migodi. Anayekwama ni Mzee, siyo yeye.

Ngao Mbili

Ndiyo maana watu wengi wanaocheza mtandaoni wanakubaliana kabla ya ramani kufunguliwa: hakuna piga-ukimbie. Mzee, mwambie mkubaliane.

Mzee wa Behemoth

Nilimwambia. Alicheka dakika nzima. Kwa hiyo nataka nimfunge kwa mbinu, tukubaliane baadaye.

Na Hesabu, Power yake ni 10 kamili. Umenitisha.

Zamu Yangu

Mzee, nijibu swali moja kabla sijasema kitu. Pambano lilipofunguka, nani alikuwa wa kwanza kupata zamu?

Mzee wa Behemoth

Scorpicore wake. Mara zote tatu.

Zamu Yangu

Na wewe ulikuwa na Thunderbird. Thunderbird kasi 11. Scorpicore kasi 11. Ni sare, na kwenye sare aliyeshambulia hutangulia. Yeye ndiye aliyekuvamia, kwa hiyo ametangulia.

Sasa tulia hapa. Shujaa hawezi kurusha uchawi wala kukimbia mpaka askari wake mmoja apate zamu. Kitabu chake cha uchawi na kitufe chake cha kukimbia vyote viko mikononi mwa yule Scorpicore. Akifa kabla hajaguswa na zamu, na hana mwingine, hapo hakuna Implosion, hakuna kukimbia, hakuna taverni. Shujaa ameshindwa kama shujaa yeyote, na vifaa vyake vinakuwa vyako.

Watu wanahangaika namna ya kupunguza maumivu ya pigo: gawanya makundi, tafuta kinga, fufua. Hizo ni bandeji. Wewe pigania zamu ya kwanza. Yeye amewekeza kila kitu kwenye kitu kimoja tu, kuwahi. Mwondolee hicho uone atabaki na nini.

Na kwa hali yako ulikosa kasi ya pointi 1. Moja! Viumbe wa Stronghold wakipigana kwenye ardhi ya Rough, ambayo ni ya nyumbani kwao, wanaongezewa kasi 1. Thunderbird anakuwa 12. Scorpicore nyumbani kwake ni chini ya ardhi, juu huku haongezewi kitu. Kwa hiyo ukimaliza mwendo wa siku, usisimame popote miguu ilipokufikisha. Simama kwenye Rough, hata kama unapoteza hatua tatu nne. Kama una kifaa cha Ring of the Wayfarer au Necklace of Swiftness, kila kimoja kinaongeza 1 popote ulipo. Cape of Velocity inaongeza 2.

Mzee wa Behemoth

Aisee. Necklace of Swiftness ninayo! Nimempa shujaa wa kukusanya mbao kwa sababu sikuona kazi yake.

Lakini mkuu, nikitangulia kwa Thunderbird, huenda wasifike upande wa pili. Uwanja una visanduku 15 kwa upana.

Zamu Yangu

Hawahitaji kufika. Zamu ya Thunderbird ni ruhusa ya shujaa wako kurusha uchawi. Una nini kitabuni?

Mzee wa Behemoth

Lightning Bolt, Slow, Bloodlust, Magic Arrow na vingine vya hovyo. Power yangu 3, mimi ni mbabe siyo mchawi.

Zamu Yangu

Lightning Bolt bila ujuzi wowote: 25 mara 3, jumlisha 10, ni 85. Scorpicore ana uhai 80. Kazi imekwisha kwa radi moja ya mbabe asiyejua uchawi. Cheka sasa.

Mtoto wa Taverni

Hahaha, na wewe unadhani tutaendelea kuja na mmoja? Nikijua una radi nakuja na Scorpicore wawili, kila mmoja nafasi yake. Unaua mmoja, wa pili ananipa zamu. Naongeza Troglodyte mmoja mmoja kwenye nafasi zilizobaki. Jeshi lina nafasi saba, kaka. Radi yako ni moja kwa raundi.

Hesabu Kwanza

Wawili kila safari maana yake kwa Scorpicore wanne wa wiki unakuja mara mbili tu. Asante kwa kutupunguzia kazi nusu.

Bi Kitabu

Mtoto wa Taverni amesema kweli, na jibu lake Mzee amelitaja mwenyewe bila kujua: Slow.

Slow ni uchawi wa kiwango cha 1, watu wanaudharau. Ukiwa na Earth Magic ya Expert unawapata maadui wote kwa mkupuo na kasi yao inakatwa nusu. Scorpicore wa 11 anaangukia 5 hivi. Hapo wanaotangulia ni Behemoth wako wenye 9, Wolf Raider 8, Cyclops King 8. Jeshi lako zima linapata zamu kabla hata mmoja wake hajakohoa. Siyo kuua mmoja kwa radi. Ni kuwafunga wote foleni ya nyuma.

Earth Magic kwa mbabe ni adimu ukisubiri kupanda leveli. Zunguka ramani uone kama kuna Witch Hut inayoitoa, inakupa kiwango cha kwanza bure ukiwa bado na nafasi ya ujuzi. Au ajiri Battle Mage, shujaa mchawi wa Stronghold, umhamishie jeshi. Shujaa unayemkuza tangu mwanzo usimwonee huruma, jeshi linahama kwa dakika moja.

Kuna na njia nyingine za kumziba mdomo kabisa. Kifaa cha Orb of Inhibition kinazuia uchawi wote pambanoni, wa kwako na wa kwake. Kwako hasara ni ndogo, kwake ni msiba. Recanter's Cloak inazuia vya kiwango cha 3 kwenda juu, Implosion ni cha 5. Na kama ramani ina Cursed Ground, ukipigania juu yake hakuna uchawi unaozidi kiwango cha 1. Implosion imekufa, Slow yako bado iko hai. Napenda sana hiyo, ila ni kubahatisha, huwezi kuihamisha ardhi.

Ngao Mbili

Na kifaa cha Shackles of War je? Akikuvamia hawezi kukimbia wala kusalimu amri.

Bi Kitabu

Hiyo ni dawa nzuri ndugu yangu, tena kwa muktadha huu pengine ndiyo bora kuliko zote. Atarusha Implosion yake moja, sawa, halafu anakwama na Scorpicore mmoja mbele ya Behemoth. Mchawi mwenye akili akijua umezivaa hakaribii. Tatizo ni moja, lazima uzikute kwenye ramani.

Mzee wa Behemoth

Nimesoma yote mara mbili. Nimerudi nyumbani kujenga upya jeshi. Witch Hut moja ilikuwa upande wa kaskazini, ikanipa Earth Magic! Nilidhani Mungu kanisikia. Nimepanda leveli mbili, zote mbili nikaichagua hiyohiyo, sasa iko Expert. Nina Behemoth 6, Cyclops King 18, Thunderbird 12 na wengineo. Kesho tunacheza. Nitaleta majibu.

Mtoto wa Taverni

Kila la heri. Natazama.

Mzee wa Behemoth

Wakuu, nimerudi. Nusu furaha nusu aibu.

Nilisimama kwenye Rough kama nilivyoambiwa. Jamaa akaja, na safari hii kabeba Scorpicore wawili tofauti na Troglodyte wawili, mmoja mmoja, pembeni. Sijui kama anasoma huu uzi. Thunderbird wakapata zamu ya kwanza. Niliposhuhudia hilo nilisimama kwenye kiti. Slow, wote wanne kasi chini. Yeye upande wa pili kimya, haamini.

Cyclops nilikuwa nimewagawa makundi mawili, wakamuua Scorpicore mmoja mmoja. Orc wakamuua Troglodyte wa kwanza. Behemoth wakakimbia wakaishia katikati ya uwanja. Wolf Raider hivyo hivyo, wamebakiza visanduku kama vitatu.

Akabaki Troglodyte mmoja. Troglodyte! Kiumbe wa bei ya chini kuliko wote mjini kwake. Kwa kasi ya kobe zamu ikamfikia, na kupitia huyo Troglodyte nikapigwa Implosion ileile, Behemoth watatu, akakimbia.

Mgeni Mgeni

😂😂😂 samahani mkuu

Mtoto wa Taverni

Troglodyte apewe sanamu mjini.

Zamu Yangu

Umefanya kila kitu sawa ila mikono haikufika. Na kosa ni langu, nilikujibu ya Scorpicore mmoja nikaacha hapo.

Hesabu ya kweli ni hii: makundi yake yote lazima yafe ndani ya raundi ya kwanza, kabla ya zamu. Slow imekupa muda, haikukupa umbali. Behemoth wa kasi 9, hata 10 kwenye Rough, hawawezi kuvuka uwanja kwa zamu moja. Waliofanya kazi kwako ni wapiga mbali peke yao, na hata hao kwa umbali unaozidi visanduku 10 pigo lao linakatwa nusu.

Ujuzi unaokukosa unaitwa Tactics. Wababe huwa wanaupata kirahisi. Ukiwa Expert, kabla pambano halijaanza unaruhusiwa kupanga askari wako hadi safu saba mbele. Hapo Behemoth na Wolf Raider wanafika, Thunderbird anafika na chenji inabaki, na Cyclops wanapiga kwa nguvu kamili kwa sababu wamekaribia. Kama na yeye ana Tactics inapunguzana na yako, ila mchawi wa Dungeon sidhani kama aliichagua.

Kisha hesabu makundi yako. Akija na manne, wewe uwe na zaidi ya manne yanayotangulia. Usirundike Behemoth wote pamoja siku hiyo. Ushauri wa Ngao Mbili wa kugawa ambao niliuita bandeji, hapa una kazi nyingine kabisa: kila kundi ni mkono mmoja wa kuua. Namwomba radhi.

Ngao Mbili

Nimekusamehe. Mara moja hii.

Hesabu Kwanza

Nami niongeze lililosahaulika. Kila mara mnaongelea akija. Kwa nini aje? Mzee, kati yako na mji wake kuna njia ngapi?

Mzee wa Behemoth

Moja ya kawaida, kwenye kibonde kati ya milima. Nyingine ndefu, ya kuzunguka.

Hesabu Kwanza

Basi kwenye kibonde weka shujaa wa bei rahisi na Goblin mmoja, asimame hasa palipo pembamba. Mchawi wake akitaka kukufikia lazima ampige huyo kwanza, na huenda mwendo wake wa siku ukaishia hapo. Goblin hana cha kuuliwa na Implosion. Ni 2500 ndiyo, ni bei ileile anayolipa yeye, lakini umenunua muda wa kutembea na hukupoteza Behemoth. Tena huyo shujaa wako wa kibonde naye anaweza kukimbia, Goblin akipata zamu! Kitufe ni cha wote.

Siku mbili za aina hiyo na uko kwenye kuta zake. Ukimkuta shujaa wake ndani ya mji, mlinzi wa mji hawezi kukimbia wala kusalimu amri. Isipokuwa mji ukiwa na Escape Tunnel, na hilo ni jengo la Stronghold. La kwako, siyo la kwake.

Mzee wa Behemoth

Kumbe lile jengo lina kazi! Nilidhani pambo.

Mtoto wa Taverni

Hii ya kibonde inaniuma kwa sababu ni kweli. Mashujaa wangu wengi wamefia kwenye Goblin.

Lakini mngoje afikie Black Dragon. Kasi 15, na hashikiki na uchawi wa aina yoyote. Slow haimgusi, radi haimgusi.

Bi Kitabu

Kweli. Ila mtajie na bei: 4000 na salfa mbili, kila anapokimbia anamwacha. Jumlisha taverni, 6500. Na mji wenye ngome kamili unatoa wawili kwa wiki. Mtu anayekurushia joka zima ili aue Behemoth watatu, mimi namwacha aje.

Hesabu Kwanza

6500 kwa 9000 bado yeye anafaidi, dada. Kidogo, lakini anafaidi.

Bi Kitabu

Anafaidi kama ana hizo 6500 kila baada ya siku kadhaa na salfa zake. Mzee achukue mgodi wa salfa, tuone.

Mzee wa Behemoth

WAKUU.

Imetokea jana usiku. Naandika taratibu nisikosee.

Nilipata Tactics, nikaikuza hadi Expert. Ilichukua wiki mbili za mchezo, nikiwapiga walinzi wa ramani kutafuta leveli. Muda huo wote kibonde kilikuwa na shujaa wangu na Goblin wake. Mara mbili jamaa alimpiga, mara mbili nikakimbia kabla hajaguswa, mara mbili nikamnunua tena. Nilimsikia akisonya kwa mara ya kwanza tangu tuanze mchezo.

Kisha nikamwondoa mlinzi makusudi na kusimama kwenye Rough mbele ya kibonde, Behemoth 7, nimewagawa 4 na 3. Akaja. Scorpicore wawili, Troglodyte wawili, na safari hii kaongeza Beholder mmoja.

Nikapanga askari mbele. Kuona tu jeshi langu limejaa hadi karibu nusu ya uwanja, akaniuliza "hiyo ni nini?" Sikumjibu. Thunderbird zamu ya kwanza, Slow kwa wote, kisha Thunderbird haohao wakamrukia Scorpicore wa kwanza. Behemoth wanne kwa Scorpicore wa pili. Behemoth watatu kwa Beholder. Cyclops kundi la kwanza Troglodyte, kundi la pili Troglodyte. Wolf Raider na Orc hata hawakupata wa kumpiga.

Hakupata zamu hata moja. Shujaa wake kaanguka na kuniachia vifaa vinne. Kimoja ni Ring of the Wayfarer, nimekivaa hapohapo.

Zamu Yangu

Safi sana. Sasa usirudi nyumbani kusherehekea. Implosion ni ya kiwango cha 5, anayeijifunza lazima awe na ujuzi wa Wisdom wa Expert. Shujaa wake mwingine ana hiyo?

Mzee wa Behemoth

Sidhani. Wengine wake wote ni wa kubeba mbao.

Zamu Yangu

Basi una siku zako kadhaa bila mchawi. Tembea.

Mzee wa Behemoth

Nimeshatembea mkuu. Tumesimamisha mchezo nikiwa siku moja kutoka kuta zake. Ameniambia akiamka kesho ananunua Black Dragon wote waliopo. Na amesema ameanza kufikiria kwamba labda tukubaliane, hakuna piga-ukimbie ramani ijayo.

Ngao Mbili

Umemjibu nini?

Mzee wa Behemoth

Nilicheka dakika nzima.

Mgeni Mgeni

Samahani wakuu, swali la mwisho. Hiyo Escape Tunnel inajengwa kwa nini na nini?